Moto wa Trekta Ukiteketeza Shamba Lako: Mwongozo Kamili wa Kudai Fidia

Watu watatu wamenijia msimu huu wa kiangazi na shida ile ile, na wote watatu walifika wakiwa wamechelewa. Wa kwanza ni mzee wa Rongai, hapa Kenya: kombaini (mashine ya kuvunia ngano) ya kukodi iliwaka ndani ya ngano ya jirani, moto ukaruka seng'enge na kula ekari zake sita. Wa pili ni mkulima wa miwa upande wa Muhoroni, aliyechomewa na trekta ya kuvuta matrela. Wa tatu ni mama anayeuza marobota ya nyasi chini ya mlima Menengai. Vijana walipita na kwodi, zile pikipiki za magurudumu manne, wakaziegesha kwenye nyasi kavu injini zikiwa moto.

Kila mmoja alikuwa na video ya moto kwenye simu, jina la dereva na hasira tele. Hakuna aliyekuwa na chombo chenyewe. Cha Rongai kilikuwa kimeshakatwakatwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kesi ikapimwa kwa kilo pamoja nacho.

Nimeandika hatua hizi kwa mtu aliyepoteza mali. Kama kuna aliyeungua au kufariki, acha kusoma na umwone wakili leo, maana mambo ya bima na ya jinai hubadilika kabisa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya hatua yoyote

Tafuta daftari moja la kuandikia kila kitu, tarehe na saa zikiwemo. Kisha kusanya hivi:

- Simu yenye nafasi ya kutosha ya picha, na programu ya ramani iliyowashwa ili picha zibebe mahali zilipopigwa.
- Futi ya kupimia au kamba iliyopimwa, na kipande cha karatasi ya rangi cha kuweka kando ya kitu unachopiga picha.
- Hati ya shamba au mkataba wa kukodi. Ukilima shamba la mtu bila karatasi, mwombe mwenyewe akuandikie sasa, kabla hajaanza kuogopa kesi.
- Risiti za mbegu, mbolea, dawa na kulima. Ujumbe wa M-Pesa unatosha ukiuchapisha.
- Nakala ya kitambulisho na namba ya KRA.
- Fedha kidogo za mtaalamu wa kukagua chombo. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na hapa ndipo kesi hufia.

## Hatua ya 1: Zuia chombo kisiguswe

Hatua hii ina uzito kuliko zote zinazofuata. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, inamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayedai. Hakimu hatakuuliza kama shamba liliungua, kwa sababu hilo analiona kwenye picha. Atakuuliza: moto ulitoka kwenye chombo hiki kwa sababu gani? Jibu liko ndani ya yale mabaki: paipu ya mafuta iliyopasuka, waya wa betri uliochubuka ukagusa chuma, beringi iliyokauka grisi, ekzosi iliyotobolewa.

Siku hiyo hiyo, au kesho yake alfajiri, fanya yafuatayo.

Piga picha chombo pande zote nne, kisha injini, kisha karibu kabisa na mahali palipoungua zaidi. Usivute waya, usifungue kifuniko, usiokote kipande ukakipeleka nyumbani. Kipande ulichokiokota wewe, wakili wa upande wa pili atasema ulikipachika.

Piga picha bamba la namba, namba ya chasisi na namba ya injini. Kwodi nyingi hazina bamba, kwa hiyo chasisi ndiyo jina lake pekee.

Mwandikie mwenye chombo barua fupi. Haihitaji maneno mengi ya kisheria: "Naomba trekta hii yenye chasisi namba fulani isitengenezwe, isiuzwe wala isihamishwe mpaka ikaguliwe na pande zote mbili. Nakusudia kudai fidia." Tia tarehe, mpe mkononi mbele ya shahidi, kisha itume pia kwa WhatsApp ili ubaki na alama ya kwamba imesomwa.

Akikataa, au ukisikia lori la kubebea vyuma linaitwa, kimbilia mahakamani. Kanuni za Utaratibu wa Madai za 2010, Agizo la 40 kanuni ya 10, zinairuhusu mahakama kuamuru kitu kinachobishaniwa kihifadhiwe na kikaguliwe. Amri hiyo hutolewa haraka kuliko watu wanavyodhani, mradi kesi iwe imefunguliwa.

Onyo: usikubali kauli ya "acha nikitengeneze kwanza nipate pesa za kukulipa." Inasikika kama ungwana. Pengine ni ungwana kweli. Lakini fundi akishabadilisha ile paipu, ushahidi wako umeingia kwenye ndoo ya takataka za gereji.

Umefaulu ikiwa: una picha zenye tarehe, namba ya chasisi, na uthibitisho kwamba mwenye chombo aliombwa asikiguse.

## Hatua ya 2: Soma ardhi kabla mvua haijanyesha

Moto wa nyasi huacha alama. Ukisukumwa na upepo hupanuka kama herufi V, na ile ncha nyembamba ndiyo mlango wake. Tembea kutoka kwenye sehemu pana kurudi nyuma. Ukifika kwenye ncha, ukakuta alama za magurudumu au madoa ya dizeli, weka ile karatasi ya rangi hapo, pima umbali hadi kwenye chombo na hadi kwenye mpaka wako, kisha piga picha.

Andika upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi. Waulize watu wawili waliokuwepo, kila mmoja peke yake, waandike kwa mkono wao walichoona, watie sahihi na namba ya simu. Shahidi aliyeandika siku ya pili ana thamani kuliko watano wanaokumbuka baada ya mwaka.

Na uwe mkweli hapa. Kama siku hiyo ulikuwa unachoma mabua yako mwenyewe, liseme sasa. Likija kufichuliwa mahakamani, hata ukweli wako mwingine hautaaminika.

## Hatua ya 3: Ripoti mahali panapofaa

Nenda kituo cha polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Hakikisha maelezo yanataja chombo, namba yake na mahali, si "moto uliunguza shamba" tu. Kisha chifu au naibu wake, ambaye barua yake husaidia kuthibitisha kwamba shamba ni lako na kwamba mazao yalikuwepo. Moto ukigusa msitu, mathalani Menengai au Mau, piga simu kwa Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Maafisa wake huandika ripoti, na ripoti ya mtu asiye na maslahi katika kesi yako ni dhahabu.

Wengi hukwama hapa kwa kung'ang'ania polisi wamshtaki dereva kwa kuchoma mazao. Kifungu cha 334 cha Kanuni ya Adhabu kinahitaji mtu awe amechoma *kwa makusudi*. Trekta mbovu haina makusudi. Ukisubiri kesi ya jinai ambayo haitakuja, muda wa kesi ya madai unayoyoma.

## Saa inayohesabu

Sheria ya Ukomo wa Kesi (Sura ya 22) inakupa miaka 3 kudai kwa uzembe, tangu siku ya hasara. Kama dai lako linatokana na mkataba, mathalani wewe ndiye uliyekodi kombaini ikachoma ngano yako, una miaka 6.

Lakini ikiwa trekta ni ya serikali au ya kaunti, usizidishe miezi 12. Sheria ya Ukomo ya Mamlaka za Umma (Sura ya 39) ndiyo inayobana hivyo kwa madai ya uzembe. Kaunti kadhaa zina matrekta ya kukodisha wakulima kwa bei nafuu, na mkulima hajui kwamba anapoyakodi amepoteza theluthi mbili za muda wake wa kudai kwa uzembe.

## Hatua ya 4: Mjue mwenye chombo, usiishie kwa dereva

Dereva hana kitu. Nasema hivi bila dharau, maana ni ukweli wa mfukoni: ukishinda kesi dhidi ya kijana anayelipwa kwa siku, umeshinda karatasi.

Fanya utafutaji wa logbuku, yaani hati ya usajili wa chombo, kwa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Namba za trekta huanza na KT, za pikipiki na KM. Chini ya kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, yule ambaye jina lake limeandikishwa ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye chombo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hifadhi yale matokeo. Kama dereva alikuwa kwenye kazi ya mwenye chombo, mwenye chombo huwajibika kwa uzembe wa dereva wake.

Angalia pia nani alikodi nini kutoka kwa nani. Pale Rongai mwenye kombaini alikuwa mtu wa Nakuru mjini, aliyeikodisha kwa dalali, dalali akamkodishia jirani. Kila mmoja alimwonyesha mwenzake kidole. Waandike wote watatu kwenye daftari, utachuja baadaye.

## Hatua ya 5: Tenganisha aina tatu za kasoro

Hapa unamhitaji mtaalamu. Mhandisi mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ndiye bora. Mkaguzi wa magari ana uzito pia. Chuo Kikuu cha Egerton, hapo Njoro, kina watu wa uhandisi wa kilimo wanaozijua kombaini na matrekta. Fundi wa jua kali mwenye miaka ishirini ya kazi anaweza kutoa ushahidi wa kitaalamu chini ya kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi, ila jiandae wakili wa upande wa pili amuulize alisomea wapi.

Mwambie ajibu swali moja: kasoro hii iliingia *lini*?

Iliingia kiwandani. Paipu ya mafuta imepitishwa karibu mno na ekzosi, na mashine nyingine za aina hiyo zina tatizo lilo hilo. Mambo haya si hadithi. Nchini Marekani, mwaka 2016, kampuni ya Polaris iliwaita wenye magari madogo ya porini aina ya RZR, yapata 133,000, wayarudishe yarekebishwe kwa sababu ya hatari ya kushika moto. Mwaka 2018 ikakubali kulipa faini ya dola milioni 27.25 kwa kuchelewa kuziarifu mamlaka juu ya kasoro za magari yake. Chombo cha mtumba kikiuzwa ng'ambo, hakuna anayemfuata mnunuzi wa pili au wa tatu kumwambia. Kwa hiyo chukua ile namba ya chasisi uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama ilikuwa kwenye orodha ya kurejeshwa. Ukiikuta, chapisha ukurasa huo.

Iliingia kwa kukosa matengenezo. Beringi ya kombaini ilipiga kelele wiki nzima. Mabua na vumbi la ngano vilijazana juu ya ekzosi. Ekzosi ya injini iliyofanya kazi nzito inaweza kupita nyuzi joto 500, na nyasi kavu haihitaji joto hilo ili iwake. Kasoro hii ni ya mwenye chombo, na ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi kuliko zingine zote.

Iliingia gerejini. Fundi alitoa sailensa ili pikipiki ingurume, na pamoja nayo akatoa kile kiwavu cha kuzuia cheche. Au aliunga waya kwa gundi ya plastiki bila fyuzi. Tafuta risiti ya gereji, hata ya M-Pesa.

Onyo: mtaalamu akikuambia "ni kasoro ya kiwanda" ndani ya dakika tano, tafuta mwingine. Dai la kiwanda linampendeza mteja kwa sababu kiwanda kina pesa, lakini ndilo gumu kuliko yote kuthibitisha, na kiwanda kitaleta mtaalamu aliyekitengeneza chombo chenyewe.

Umefaulu ikiwa: una ripoti iliyotiwa sahihi inayosema kilichowaka kwanza ni nini, kwa nini, na tangu lini.

## Hatua ya 6: Chagua wa kumdai na njia ya kumfikia

Kila mtu ana mlango wake wa kisheria. Ukibisha mlango wa mwingine, hutafunguliwa hata kama una haki.

*Mwenye chombo.* Njia ni uzembe: alipaswa kuchukua hadhari, hakuichukua, ukapata hasara. Na usidhani ataponea kwa kusema moto ulianza kwa bahati mbaya. Kuna hukumu ya Uingereza ya mwaka 1919, Musgrove dhidi ya Pandelis. Gari liliwaka kwenye kabureta gerejini, na dereva angelifunga bomba la petroli mara moja, ule moto ungejizimia wenyewe. Hakulifunga. Vyumba vya juu vikateketea, mwenye gari akalipa. Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Kenya, lakini mawazo yake yanaweza kuishawishi. Basi uliza: je, kombaini ilikuwa na kizima-moto? Dereva alifanya nini katika dakika mbili za kwanza? Mara nyingi uzembe ulio wazi zaidi uko hapo.

Unaweza kuongeza kanuni ya Rylands dhidi ya Fletcher ya 1868, kwamba anayeleta kitu cha hatari kwenye ardhi yake hulipa kikitoroka. Iongeze, usiiegemee. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Stannard dhidi ya Gore, iliona kwamba kilichotoroka kilikuwa moto, si matairi yaliyohifadhiwa, na mdai akashindwa kwa njia hiyo. Wakili wa trekta atakuletea hoja hiyo hiyo.

*Fundi.* Uzembe pia. Umdai pamoja na mwenye chombo, uwaachie wao wenyewe kurushiana lawama.

*Muuzaji.* Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31), kifungu cha 16, inamlinda *mnunuzi*. Kama si wewe uliyenunua trekta, huna mkataba na muuzaji na mlango huu umefungwa kwako. Nimeona madai mazuri yakitupwa kwa kosa hili moja. Kama ulinunua kwodi yako mwenyewe ikachoma ghala lako, basi huu ndio mlango wako wa kwanza.

*Kiwanda na mwagizaji.* Tangu kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932, mtengenezaji anawajibika kwa mtu anayeweza kudhuriwa na bidhaa yake hata kama hawana mkataba. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kitendo cha busara ni kumdai mwagizaji aliye Kenya. Kumdai mtengenezaji aliye ng'ambo kunahitaji ruhusa ya mahakama ya kumpelekea hati nje ya nchi, na gharama zake zinaweza kumeza shamba lililobaki.

Ushauri wangu, na si lazima mawakili wote wakubaliane nami: kwa hasara isiyozidi milioni moja, umdai mwenye chombo. Akitaka kumvuta mwagizaji, sheria inamruhusu kumwingiza kama mtu wa tatu kwenye kesi za mahakama ya hakimu. Huo mzigo uwe wake.

## Hatua ya 7: Hesabu hasara mpaka shilingi ya mwisho

Mahakama za Kenya hufuata kanuni iliyotajwa kwenye Hahn dhidi ya Singh (1985): hasara mahususi lazima itajwe waziwazi na ithibitishwe kikamilifu. Maana yake, "nilipoteza kama laki sita hivi" ni sawa na sifuri.

Mlete afisa wa kilimo wa wadi akague wiki hiyo hiyo, apime ekari na akadirie mavuno. Kisha fanya hesabu kwa mtindo huu. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako:

- Ngano: ekari 6 × magunia 18 × KSh 5,000 = KSh 540,000
- Toa gharama ambazo hukuzitumia: kuvuna KSh 4,000 × 6 = 24,000, na usafiri wa magunia 108 × 50 = 5,400. Inabaki KSh 510,600
- Nguzo 80 za seng'enge × KSh 450 = KSh 36,000
- Maboza mawili ya maji ya kuzimia moto × KSh 8,000 = KSh 16,000
- Vibarua 10 wa kuzima × KSh 600 = KSh 6,000
- Jumla: KSh 568,600

Ule mstari wa kutoa gharama watu huusahau. Hakimu hausahau, na akikuta hukuutoa, ataanza kuishuku hesabu yote.

Gharama za kuzima moto ni zako kudai ikiwa ulizilipa wewe na una risiti. Majirani waliokuja na matawi ya miti kwa moyo tu huwezi kuwahesabu kama vibarua kwenye dai lako. Washukuru kwa chai.

Upande wa pili atauliza kama uliacha njia ya kuzuia moto mpakani. Kama nyasi zako zilisimama hadi kwenye seng'enge, chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Sura ya 26) fidia yako inaweza kupunguzwa kwa kiasi cha kosa lako.

## Hatua ya 8: Barua ya madai, na swali la bima

Andika barua ya madai ukitaja tukio, chanzo kwa mujibu wa ripoti, jumla ya hasara na siku unazompa, kwa kawaida 14 hadi 30. Ukifungua kesi kwa hakimu, barua hii ni miongoni mwa nyaraka zinazotakiwa kuambatana nayo chini ya Agizo la 3. Omba ndani yake jina la kampuni ya bima na namba ya kava.

Sasa jambo linalowavunja moyo wengi. Bima ya lazima ya gari chini ya Sura ya 405 inahusu *kifo na majeraha* ya watu wengine, kwa chombo kinachotumika *barabarani*. Hailazimiki kulipia ngano yako. Mzee wa Rongai alikuwa ameona stika ya bima kwenye kioo akarudi nyumbani ametulia. Kama mwenye chombo alinunua kava pana linalogusa mali ya watu, au kava la mitambo ya kilimo, lipo tumaini. Kama hakununua, unamdai yeye mwenyewe.

Na kama wewe ulikuwa na bima ya mazao ikakulipa, haki ya kudai inahamia kwa kampuni yako kwa kiasi ilicholipa. Waarifu kabla hujaelewana na yeyote.

Onyo: mtathmini wa bima akija na karatasi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho," usiitie sahihi siku hiyo. Ukishatia, hata ukigundua mwezi ujao kwamba pampu ya kisima nayo iliungua, mlango umefungwa.

## Hatua ya 9: Fungua kesi mahakama inayokufaa

Hadi KSh 1,000,000 nenda Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya 2016 inataka kesi imalizike ndani ya siku 60, haifungwi na ukali wa kanuni za ushahidi, na unaweza kujisimamia bila wakili. Ipo Nakuru na Kisumu. Madai ya uharibifu wa mali kwa uzembe yamo ndani ya mamlaka yake.

Zaidi ya hapo ni mahakama ya hakimu. Sheria ya 2015 inampa hakimu mkazi mamlaka hadi milioni 5, na hakimu mkuu hadi milioni 20. Fungua mahali moto ulipotokea au anapoishi mdaiwa: mtu wa Mau Narok ataangalia Molo au Nakuru, wa Muhoroni ana Tamu.

Hasara ikiwa milioni 1.1, usiigawe kuwa kesi mbili. Unaweza kuisamehe ile laki moja ili uingie kwenye madai madogo. Mimi ningeisamehe. Miezi miwili dhidi ya miaka miwili ni hesabu rahisi.

Kesi inayomgusa mwagizaji au kiwanda usiipeleke madai madogo hata kama kiasi kinatosha. Siku 60 hazitoshi kwa wahandisi wawili wanaobishana juu ya paipu.

Usajili sasa ni wa mtandaoni. Ukikwama, dawati la usajili mahakamani au kituo cha saiba kilicho karibu nayo watakusaidia. Picha na video za simu ziambatanishe na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza zilipigwa na simu gani, na nani, na zilichapishwaje. Cheti ni ukurasa mmoja. Bila hicho, ile video nzuri ya moto inaweza kukataliwa.

Umefaulu ikiwa: una namba ya kesi, tarehe, na hati ya kiapo ya kwamba mdaiwa amepelekewa nyaraka.

## Hatua ya 10: Siku ya kusikilizwa na baada yake

Eleza kwa mpangilio wa saa: upepo, chombo, cheche, mpaka, hasara. Kiswahili kinaruhusiwa. Usimtukane mdaiwa, hata akikuchokoza. Mtaalamu wako lazima afike mwenyewe, kwa sababu ripoti isiyo na mtu wa kuulizwa maswali hupingwa kirahisi.

Ukishinda na mdaiwa asilipe, utaomba amri ya utekelezaji na dalali wa mahakama atakamata mali. Kabla hujamlipa dalali senti, rudia ule utafutaji wa logbuku. Trekta nyingi zimenunuliwa kwa mkopo na jina la benki liko pamoja na la mwenyewe. Hiyo huwezi kuikamata kabla benki haijalipwa, kwa hiyo mwelekeze dalali kwenye plau, trela au ng'ombe wa maziwa.